Mimba ya Kwanza na Mstari wa Mlangoni

Siku ya kwanza kazini sikushika tumbo la mtu. Nilikuwa nimetoka chuo cha uuguzi na ukunga, gauni jeupe limepigwa pasi mpaka linakwaruza shingo, nimejiandaa kuonyesha nilichosomea. Muuguzi Mfawidhi wa zahanati yetu ya Temeke, mama wa bara mwenye maneno machache, akanipa kigoda karibu na mlango.

"Leo kaa hapa," akasema. "Usipime presha, usipime damu, usipime chochote. Angalia tu nani kaja na nani. Tukimaliza kazi utaniambia."

Nilinuna. Nimesoma kote kule nije niwe bawabu? Lakini mkubwa ni mkubwa, nikakaa. Kadiri foleni ilivyosogea nikaanza kuona. Mwenye mimba ya tatu au ya nne alikuja peke yake, kikapu mkononi, maana akitoka pale anapitia sokoni. Mwenye mimba ya kwanza hakuja peke yake. Kama ni wa bara, kasindikizwa na wifi au mama mkwe. Kama ni mtu wa pwani, kaja na somo yake.

Tulipofunga nikamweleza Mfawidhi. Akaitikia kwa kichwa.

"Basi umeshajua wa kuongea naye. Yule mwenye tumbo atakuitikia 'ndiyo, sista' kwa kila neno, halafu atakwenda nyumbani kufanya atakaloambiwa na aliyemleta."

Kwa nyie vijana ambao somo mnamjua kwa kusikia tu, niseme. Somo ni yule mwanamke anayekaa na mwali ndani akishavunja ungo, akamfunza mwili wake na nyumba yake, na siku ya harusi akamkabidhi kwa mume. Kazi yake haiishii hapo. Mimba ya kwanza ni yake pia. Yeye ndiye huambiwa mwanzo, na yeye ndiye aliyekuwa anasema ifichwe mpaka ijionyeshe yenyewe, kwa kuogopa husuda. Ndiyo maana mimba za kwanza zilikuwa zinatufikia kliniki mtoto keshaanza kucheza, na sie tunagombeza kama wehu, "Mlikuwa wapi siku zote?" Walikuwa nyumbani, wanaficha. Na siku ya kuzaa, somo ndiye mwenye mgongo: hukaa nyuma ya mwali akamkumbatia, mwali akamwegemea mpaka mtoto atoke.

Kazi yenyewe ilikuwa ya mikono. Mashine hatukuwa nazo. Kimo cha mimba tulikipima kwa vidole, kutoka kitovuni kwenda juu. Mkao wa mtoto tuliupapasa: kichwa ki kigumu na cha mviringo, makalio ni laini. Mapigo ya moyo wake tuliyasikiliza kwa pembe ya mti, sikio upande huu, tumbo upande ule, na wote mnaopiga soga foleni nzima mnaambiwa mnyamaze. Na kwenye mwimo wa mlango palikuwa na mstari mwekundu wa rangi ya mafuta. Mwenye mimba ya kwanza alisimama pale bila viatu. Kichwa kikifika kwenye mstari au kikipita, sawa. Kikiwa chini yake, huyo hazalii kwetu wala nyumbani, anapewa rufaa ya hospitali kubwa.

Sababu ni nyonga. Mwanamke mfupi mara nyingi nyonga yake ni nyembamba, na mtoto anaweza kukwama. Tuliita uchungu pingamizi: mama anasukuma, mlango hautoshi, na wote wawili wanachoka mpaka mmoja au wote wanaondoka. Mstari haukuwa hukumu. Wapo wafupi waliozaa kama wanapiga chafya. Lakini mimba ya kwanza ni njia ambayo hajapita mtu, na tahadhari ni kabla ya hatari.

Wanawake wa Temeke waliuogopa mstari ule kuliko sindano. Kwao, kuwa chini ya mstari maana yake ni kupasuliwa. Basi kila mtaa ulikuwa na hila zake. Wengine walinyanyua visigino ndani ya gauni refu. Wengine walisukwa nywele zikasimama utosini. Mfawidhi alinifundisha kutazama miguu kwanza, kichwa baadaye.

Miaka ya mwanzo ya tisini ikatukuta hapo. Zama za ruksa, biashara imefunguliwa, mitumba imejaa, na watu binafsi nao wakaruhusiwa kufungua zahanati. Zamani mtu hakuchagua. Palikuwa na serikali, misheni, na bibi wa mtaani. Ghafla kila kona ina kibao kilichopakwa rangi, "Wodi ya Wazazi", na madaktari ni walewale: asubuhi unamwona serikalini, alasiri unamwona kwake. Sisemi walikuwa wabaya. Baadhi walifanya kazi nzuri sana. Ninasema watu walianza kuchagua pa kuzalia kama wanavyochagua kitambaa, kwa kukiangalia.

Wakati huo ndipo alipokuja Rukia.

Alikuwa binti wa Chang'ombe, mdogo wa umri na wa umbo, mume wake Selemani anauza mitumba. Alikuja na somo yake, Bi Mwanaisha, mama mtu mzima aliyeheshimika mtaani, amezalisha wengi kwa mikono yake. Rukia akasimama mlangoni. Miguu nikaitazama: visigino chini, sawa. Kichwa kikagusa mstari barabara. Lakini ule mtandio ulikaa vibaya, umetuna juu kama una kitu.

"Vua mtandio, mwanangu."

Akamtazama somo yake. Somo anatazama bati. Akavua, na utosini mwake ikawa imekaa kata, ile ya khanga iliyosokotwa duara ya kuwekea ndoo ya maji. Foleni nzima ikacheka, na mie nikacheka mpaka kazi ikasimama. Nilipoiondoa ile kata, kicheko kikaniisha. Rukia alikuwa chini ya mstari, na si kidogo.

"Nimeiweka mie," akasema Bi Mwanaisha. "Usimseme mtoto."

Nikapandwa na hasira. Nikamwambia, "Bi mkubwa, unadanganya mstari, utaidanganya na nyonga?" Mfawidhi aliyasikia, akatuita ofisini, na Selemani aliyekuwa anasubiri nje na baiskeli akaitwa naye.

Selemani ndiye aliyeanza. Alikuwa kijana mwema, mwenye haraka ya kufurahisha watu.

"Shikamoo, mama. Mie wala sitaki mzozo. Nimeshampata mahali, zahanati ya mtu binafsi, hapo barabarani. Nitalipa mwenyewe. Pasafi, sista, mashuka meupe. Wana na televisheni."

"Wana chumba cha upasuaji?" Mfawidhi akauliza.

"Wana viti vya sofa..."

"Nimeuliza chumba cha upasuaji, baba."

"Hapana. Ila daktari kasema ikishindikana gari lipo."

"Gari la kumpeleka wapi?"

Selemani akafikiri. "Hospitali kubwa," akasema polepole, na kutoka hapo akawa anatazama kofia yake mkononi.

Bi Mwanaisha naye akasema hospitali haendi mtu. Atazalia nyumbani kwao, mgongo utakuwa wake, na Mungu ndiye mzalishaji. Mfawidhi akamwuliza kwa upole, jambo ambalo sikulizoea kwake, kwa nini. Kisha yule mama akasema, bila kulia, sauti kavu tu.

"Mama yake huyu alikuwa shoga yangu. Uchungu ulimshika kwa mimba ya pili, tukakaa nao nyumbani usiku na mchana, haukwisha. Tukampakia kwenye mkokoteni, tukampeleka hospitali. Mlangoni wakasema ndugu wabaki nje. Nikamwachia mkono akiwa hai, ananiita. Nikakaa pale. Baadaye akatoka nesi akauliza, 'Nani yuko na fulani?' Nikaitika kwa furaha, nikidhani kazaa. Akaniambia nikatafute sanda." Akanigeukia mie. "Mtoto wake nimemlea mie. Nimemfunda mie. Sasa unataka nimpeleke kwenye mlango ule ule, nimwachie mkono?"

Nilikuwa na jibu la kitabuni. Nilijua kilichomuua yule mama: si mlango, ni kule kuchelewa. Kila muuguzi angelijua. Nilimtazama Mfawidhi aseme, naye hakusema. Nadhani aliona, kama mie, kwamba Bi Mwanaisha alilijua hilo muda mrefu kuliko sie.

Ndipo nikakiuka nilichofundishwa siku ya kwanza. Nikamwacha aliyemleta, nikamwuliza mwenye tumbo.

"Rukia, wewe je?"

Wote wakamtazama kama wamesahau kuwa yumo. Alikuwa anazungusha ile kata mapajani.

"Mie naogopa kote, sista," akasema. "Nyumbani naogopa, hospitali naogopa, na huko kwenye televisheni naogopa. Lakini mama yangu alikuwa mfupi kama mie. Somo, niwie radhi. Naomba mie nianzie pale alipomalizia yeye, hospitali."

Bi Mwanaisha aliinamisha kichwa. Selemani akaanza kusema kitu, Mfawidhi akamnyamazisha kwa kiganja.

"Watamfungia," akasema yule mama, akinitazama mie. "Mlango wataufunga."

Sikutaka kumdanganya. Hospitali ile haikuwa yangu, na utaratibu ulikuwa ndio huo. Nikamwambia, "Wataufunga, Bi. Mie siwezi kuufungua. Lakini siku hiyo nitakuja, nitakaa nje na wewe."

Mfawidhi akanitazama. Tulipobaki wawili akaniambia, "Ukiahidi kukaa na kila somo wa Temeke mlangoni, nani atafanya kazi hapa?" Nikasema huyu tu. Akasema, "Huwa mnasema hivyo wote." Lakini siku ilipofika alinipa ruhusa.

Selemani alikuwa na shangazi anayekaa jirani na hospitali. Rukia akahamia huko siku zake zilipokaribia, Bi Mwanaisha akahamia naye, kitu ambacho hakijawahi kufanyika katika ukoo ule. Mwali wa mimba ya kwanza huzalia kwao, si kwa shangazi wa mume. Maneno yalisemwa. Ati Rukia anajifanya mzungu, ati somo kauza kazi yake. Bi Mwanaisha aliyasikia yote akayameza.

Uchungu ulimwanza asubuhi, nikatumiwa mtu kuniita. Nilipofika, Rukia alikuwa anatembea mwenyewe kuelekea wodini, anasimama, anashika ukuta, anaendelea. Nyuma yake Selemani kabeba beseni lenye glovu, pamba, wembe na khanga, maana siku hizo vifaa ulikwenda navyo mwenyewe. Mlangoni wakasema ndugu wabaki nje. Bi Mwanaisha akamshika mkono kidogo zaidi ya ilivyotakiwa, kisha akauachia.

Tukakaa barazani. Sikuzungumza naye ukunga. Tulizungumza bei ya nazi, na vijana wanaotembea na redio begani. Jua lilipozidi akatoa tasbihi, ikawa inakwenda vidoleni. Mie nilijua kinachoendelea ndani: watampima njia, watasubiri, watampima tena, na wakiona haifunguki inavyotakiwa watampeleka kumpasua akiwa bado ana nguvu. Kujua hakukunisaidia. Niliogopa kama mtu yeyote, nikajuta kwa nini niliahidi.

Alasiri mlango ukafunguliwa. Nesi akatoa kichwa.

"Nani yuko na Rukia Selemani?"

Bi Mwanaisha hakuitika. Nikamtazama, macho yake yapo sakafuni, mdomo umebana.

"Nani yuko na Rukia?"

"Bi, unaitwa," nikamnong'oneza.

"Mara ile niliitika," akasema.

Nikaitika mie. Nikasema, "Tupo."

"Lete khanga nyingine, ile imelowa. Mtoto wa kike. Mama yake tumempasua, ameamka, anamwita somo yake."

Bi Mwanaisha akainuka. Hakutafuta khanga nyingine. Alivua khanga ya juu aliyojitanda, akaikunja mara mbili, akampa nesi, akabaki amesimama kichwa wazi mbele ya wanaume wote wa baraza ile, yeye ambaye hata jikoni kwake hakukaa hivyo. Machozi yalimtoka na hakuyafuta. Selemani aligeukia ukuta akalia.

Baada ya hapo nilihamishwa. Nilifanya kazi zahanati za Kinondoni, nikaja kusimamia kliniki huko pembeni Chamazi wakati bado ni mashamba na nyumba za kuhesabu, na mwisho nikawa mie ndiye Muuguzi Mfawidhi, nawapa kigoda wasichana waliotoka chuo nao wananuna. Wakunga wapya wana mashine zinazomwonyesha mtoto akinyonya kidole. Naziheshimu. Sina wivu, ila mikono inawasha nikiona tumbo ambalo halijapapaswa.

Nimestaafu sasa, na wajukuu wa majirani hunijia na mimba zao za kwanza. Huuliza swali lile lile: bibi, nichague wapi? Wananitajia mashuka, wananitajia feni, wananitajia nani alizalia huko. Nawaambia waulize nini kitafanyika mtoto akikwama, na nani atakifanya, na yupo hapo hapo au anaitwa. Nawaambia waende na mtu wanayempenda hata kama ataachwa nje. Na nawaambia waende mapema, wakiwa bado na nguvu. Mama yake Rukia alifika hospitali kwenye mkokoteni. Rukia aliingia kwa miguu yake.