Saluti ya Sajenti Gidudu

Sajenti mstaafu Gidudu wa Namakwekwe, Mbale, haogopi mtu. Lakini mkono wake mwenyewe, ee, huo alikuwa anauogopa! Bodaboda ilimmwaga, kifundo cha mkono wa kulia kikavunjika, akafungwa plasta. Plasta imeshatolewa, mfupa umeunga, na bado mzee anautembeza mkono shingoni kwenye kitambaa kama mtoto mchanga.

Kilichomnyima usingizi ni ngoma. Huu ni mwaka wa tohara, na mpwa wake ameshatangaza kwamba mwezi wa nane atasimama mbele ya kisu. Kadodi, ngoma ya tohara ya ukoo wao, huongozwa na Gidudu. Asipopiga yeye atapiga msaidizi wake, Herbert, na Herbert, jamani, anapiga ngoma kama anayefukuza kuku.

Siku ya kliniki ikafika. Kliniki ya siku hizi: daktari yuko Jinja, mgonjwa yuko sebuleni kwake, katikati ni simu. Mkewe, Lillian, akaishika. Sura ya Daktari Nabirye ikatokea.

"Mzee, inua mkono."

"Hauinuki, daktari."

"Hata shati namfungia mimi," Lillian akamchongea.

"Mfupa umeunga, mzee. Picha nimeiona. Jaribu kidogo."

"Utavunjika tena! Wacha tu, mwanangu." Machozi yakamlengalenga. "Ngoma nitamwachia Herbert."

Nabirye amezaliwa kambini Kimaka, baba yake mwanajeshi. Wazee wa namna hii anawajua. Akakaza sauti:

"Sajenti Gidudu!"

"Afande!"

Mzee akaruka kutoka kitini, visigino ta! Na mkono wa kulia, ule ule, umechomoka kwenye kitambaa, vidole vimenyooka, uko kwenye paji la uso.

Lillian akaangua kicheko, simu ikabaki inamwonyesha daktari dari.

"Unauma?" Nabirye akauliza, naye anacheka.

"Umekaza kidogo tu, afande," akajibu Gidudu, hajashusha saluti, haamini macho yake.

"Basi kunja ngumi, kunjua, kila siku. Ngoma uanze polepole. Na shati ufunge mwenyewe!"

"Hilo ndilo neno!" akadakia Lillian.

Mwezi wa nane, Nabirye akapiga simu kumjulia hali mgonjwa wake. Ikaita, ikaita, mwishowe akapokea Lillian, nyuma yake kadodi inanguruma na watu wanashangilia.

"Daktari, samahani!" akapaza sauti. "Hawezi kushika simu, mikono yote miwili ina kazi!"