Kanga Waliozoea Sauti Yangu

Asubuhi moja mwezi uliopita nilitoka nyuma ya nyumba yangu huku ughaibuni, hapa Seven Hills, nyumba niliyoinunua kwa jasho langu mwenyewe, mimi niliyeishia darasa la tano, nikakuta bata mzinga wa mwituni anatifua bustani. Mweusi, shingo nyekundu, hana haraka. Sheria za hapa haziruhusu kumgusa, na naona mwenyewe analijua hilo. Basi nikakata kipande cha mpira wa kumwagilia maji, nikakiweka mdomoni.

Ngoja nikueleze, ndugu yangu.

Kwetu Kasulu tulikuwa tunawinda kanga, wale ndege wa madoa, mahindi yakishavunwa. Wiki kadhaa kabla, watoto wote tunajifua kuwaita kwa bua la jani la mpapai. Kanga jike hulia mara mbili mbili. Ukipatia, kundi zima linakuja. Mjomba, aliyekuwa akiongoza wawindaji, alisema atakayewaita vizuri atajificha naye kwenye nyasi siku ya kwanza, mbele ya watu wazima. Nikaapa ni mimi. Na sikudanganyi, hapakuwa na wa kunifikia. Nilikuwa napuliza jikoni kwa bibi mpaka kuku wanaacha pumba na kugeuza shingo, moshi wa kuni unanichoma macho, na bibi anatwanga karanga huku anacheka: "Wewe mwaka huu utatulisha nyama."

Mjomba alikuwa na onyo moja tu. "Jifunzie nyumbani. Bondeni usiende na hilo bua mpaka siku yenyewe."

Lakini sifa nazo! Kila jioni nikawa nawapeleka wenzangu bondeni. Nawaita kanga, wanakuja mbio, sisi tunaibuka na kupiga makelele. "Mmeona? Nani kama mimi?"

Siku ikafika. Nimelala kifudifudi kando ya mjomba, umande umenilowesha shati. Nikapuliza. Wakaitika, wakaja hadi ukingoni mwa nyasi, wakasimama. Nikapuliza tena, kwa ufundi zaidi. Wakaruka wote, mpaka ng'ambo ya mto. Mjomba hakunipiga. Aliniangalia tu. "Hawa wanakujua wewe."

Bibi alikuwa ameshabandika chungu. Nyumba nzima tukala ugali kwa mchuzi wa karanga mtupu, na bibi akasema, "Haya, leo tunakula sauti yako, mjukuu wangu." Watu wakacheka.

Mwaka uliofuata mjomba alimchukua mtoto wa jirani.

Siku hizi bonde lile limelimwa lote. Bibi na mjomba wametangulia. Mimi nina magari sita ya kampuni yangu ya usafi, na kwenye vikao vya watu wa kwetu, mji wa jirani wa Blacktown, hakuna anayenishinda kusema.

Basi nikapuliza, mara mbili mbili. Binti yangu akachungulia dirishani, akaniambia kwa Kiingereza chake, "Baba, acha bwana, majirani watakuona!" Yule ndege akainua kichwa. Akaja hatua tatu, nne, mpaka karibu na viatu vyangu.

Nikautoa mpira mdomoni, nikanyamaza. Laiti ningenyamaza hivyo zile jioni za bondeni, bibi angekula nyama.