Methali ya Bibi Ndani ya Biskuti

Jumamosi nilikuwa nakula kwenye mkahawa wa Kichina pale Lewisham, London. Meza ya jirani walikaa manesi wawili, mmoja wa Unguja, mwingine wa Mombasa. Huyu wa Mombasa alikuwa amepata kazi Kanada na alitaka wahamie pamoja.

"Shoga, omba na wewe," alimhimiza. "Utabaki hapa na nani?"

Mhudumu alipoleta vile vibiskuti vyenye kikaratasi cha bahati, wa Unguja alivunja chake, akasoma Kiingereza kilichoandikwa, kisha akakitafsiri polepole kwa Kiswahili: "Usisafirie nyota ya mwenzio."

Akaweka mkono kifuani. "Wallahi, haya maneno ya bibi yangu!"

"Hebu nione. Mbona wameandika ni hekima ya Kichina?"

Wakamuuliza mhudumu, ambaye ni Mchina. Akacheka. Methali hiyo haijui, na biskuti zenyewe hakuwahi kuziona mpaka alipofika London.

Wa Unguja akakikunja kikaratasi, akakitia kwenye pochi. "Nenda, shoga yangu. Mimi nabaki."

Mwenzake alikipapasa kibiskuti chake, kisha akakitia mkobani kikiwa kizima. "Changu nitakivunja huko huko," alisema.

Sijui maneno ya bibi wa Unguja yalifikaje kwenye kiwanda cha biskuti. Nadhani methali nazo huhama kama sisi, na zikifika ugenini hupewa uraia bila kuulizwa zimetoka wapi.