Mfungo wa Soda

Ndani ya basi la kwenda Woolwich, huku ughaibuni, manesi wawili Wakenya walikaa mbele yangu.

"Daktari amenikataza soda," alisema mmoja, "lakini nikitembelea watu, chupa hufunguliwa kabla sijaketi. Nikikataa, wananuna."

"Sasa unafanyaje?"

"Nawaambia nimefunga."

"Wee! Miezi yote hii?"

"Miezi yote. Sketi zinanidondoka kiunoni! Sasa mchungaji naye ameamini, ameniomba niongoze mfungo wa kanisa."

"Utakubali?"

"Nishakubali. Hakuna soda mpaka Pasaka."

Mwenzake akapiga makofi. "Basi kanisa zima litakonda!"

Walicheka mpaka nami nikacheka, huku nikisukuma chupa yangu ya soda ndani ya koti. Nilishuka kituo kimoja mapema, nitembee. Kitambi changu kilitangulia kama kawaida, ila safari hii nilikuwa nakifukuza.