Mifuko Minane ya Mwenyekiti Andati

Nchi ya Pindoni haina jeshi, haina wimbo wa taifa, na hadi leo haijaomba mkopo popote. Iliasisiwa Ziwani, Nairobi, ndani ya daftari la kurasa tisini na sita. Mwasisi wake ni fundi cherehani aitwaye Truphena Mideva, na aliiasisi jioni ya siku aliyokuta mahali pake pa kazi pana kibanda cha makava ya simu. Mataifa mengi huanzishwa kwa ajili ya uhuru, au husema hivyo. Hili lilianzishwa kwa kisasi, na mwasisi wake hajawahi kudai vingine.

Kwa miaka ishirini na saba Truphena alishonea kwenye pembe moja ya veranda ya ukumbi wa mtaa. Mwanga ulifika pale mapema na kuondoka saa kumi na moja, kama karani mwaminifu. Kisha Andati, mwenyekiti wa kamati ya ukumbi na mshika ufunguo wake, akamwomba aondoe cherehani kwa wiki mbili ili veranda ipakwe rangi. Rangi ilipakwa kweli, upande mmoja. Wiki ya tatu Truphena aliporudi, alimkuta Asenath, shemeji yake Andati, ameketi pale pale na kibanda chake cha makava.

"Mwenyekiti, na mahali pangu?"

"Pako?" Andati aliinama akaitazama sakafu kwa makini, kama mtu anayesoma gazeti. "Mama, mbona sioni jina lako hapa?"

Watu waliokuwa karibu walicheka. Asenath alicheka zaidi yao wote.

Truphena akahamishia kazi chumbani kwake, ambako dirisha ni moja na linatazama ukuta wa jirani. Ana miaka hamsini na minane. Chini ya balbu, uzi wa buluu na uzi mweusi ni ndugu. Mwezi wa kwanza alishona sketi ya shule, upande wa ndani ukatoka nje, na mzazi akairudisha akiuliza, "Mama Truphena, siku hizi unashona ukiwa umelala?" Alijua hesabu yake: mwaka mwingine ndani ya chumba kile, mikono ingebaki na macho yangekwenda, na fundi asiyeona mshono wake hana tofauti na mtu yeyote mwenye cherehani.

Hakwenda kwa chifu. Hakupiga kelele. Alinunua daftari.

Sheria ya kwanza ya Pindoni inasema hivi: *Kila raia huzaliwa na koti lisilo na mfuko. Akitwaa kisicho chake, hushonewa mfuko mmoja, mahali pa kuonekana, apate pa kukiweka.* Sheria ya pili inasema kwamba mfuko hauwezi kufumuliwa ila pale pale kitu kilipotwaliwa, kitu chenyewe kikiwa kimerudi. Nchi inaongozwa na watu saba waitwao Vifungo, ambao kazi yao ni kuifanya isifunguke, na kifungo kinacholegea hukatwa. Mkuu wao huketi kwenye kigoda kisicho na egemeo, asije akasinzia, na ni mwiko kwake kushika ufunguo wa mlango usio wa nyumba yake. Wakulima huvaa pindo la kijani, wapishi jekundu, mafundi jeupe kama chaki. Wapindoni wakikutana, mmoja hujipapasa mbavu kwa mikono miwili na kusema, "Sina." Mwenzake hujibu, "Nimeona." Mwenye mfuko haruhusiwi kusema "Sina." Yeye husema, "Niliwekewa," na hujibiwa, "Tumesikia."

Huenda nchi ingebaki daftarini kama isingekuwa Vivian, msichana anayeongoza kikundi cha maigizo cha vijana wa mtaa. Alikuja kuuliza kama Truphena angewashonea mavazi, akalikuta daftari juu ya meza, akalisoma akiwa amesimama.

"Wueh! Mama Tru, hii ni moto. Hii nchi iko wapi?"

"Iko karibu."

"Aki tutaicheza. Wacha nikuambie, tutaicheza mwezi wa nane."

"Chezeni," Truphena alisema. "Lakini mgeni wa heshima awe Mwenyekiti. Ukumbi si ni wake?"

Vivian alimtazama, akaanza kutabasamu, kisha akafikiri akaona ni salama zaidi asiulize.

Wiki hiyo hiyo, Andati mwenyewe akabisha hodi. Mtu huweza kumfukuza fundi na bado akajua ni nani anayejua kukata bega. Alikuwa anautamani udiwani, na mtu anayeutamani udiwani huhitaji koti la Kaunda, lile la mikono mifupi wanalolipenda machifu.

"Mama, yale mambo ya veranda tusiyaweke moyoni," alisema akitafuta pa kuketi.

"Mimi siyaweki moyoni, Mwenyekiti." Lilikuwa kweli. Alikuwa ameyaweka kwenye daftari. "Koti la mifuko mingapi?"

"Si huwa ni minne?"

"Machifu ndio huvaa minne."

Andati alijinyoosha. Chifu ni mtu wa kuteuliwa tu; diwani huchaguliwa. "Sita basi."

Truphena aliandika sita. Hakumdanganya hata kwa neno moja. Koti lilipokuwa tayari, la kaki, bega limekaa kama limemwagwa, Andati alijitazama kwenye kioo akageuka mara tatu. Baada ya wiki mbili alirudi kuomba mfuko wa kalamu mkononi, kwa sababu aliona mtu mkubwa fulani anao. Baadaye akaomba wa nane, wa simu ya pili.

"Una hakika, Mwenyekiti?"

"Ongeza, mama. Mtu huonekana kwa mifuko."

"Hapo umesema," Truphena alijibu, akauma uzi.

Alilivaa kanisani, mazishini, kwenye mikutano ya kamati na kwenye mikutano ya kupanga mikutano. Kuanzia mwezi wa tano hadi wa nane hakuna aliyemwona bila lile koti. Jua la Nairobi, ambalo halina ubaguzi, lilikuwa naye kila alikokwenda.

Jumapili ya mchezo ukumbi ulijaa saa nane mchana. Andati aliketi mstari wa mbele katikati, kwenye kiti cha kuegemea, ufunguo wa ukumbi ukining'inia kidoleni. Akapigiwa makofi. Akainuka, akapunga mkono, akaketi. Kisha mpiga mbiu wa Pindoni akatokea jukwaani na kuzisoma sheria ya kwanza na ya pili, polepole, kama Vivian alivyomfundisha.

Watu walicheka kidogo. Mwizi wa mchezo akaingia, pandikizi la mtu lililoiba kisima cha kijiji, na kwenye koti lake palikuwa na mifuko mitatu. Wapindoni wakaguna kwa hofu. "Mitatu!" mmoja akalia. "Wazazi wetu hawajaona mtu kama huyu!"

Ndipo ukumbi uliponyamaza. Ulikuwa ukimya wa watu mia mbili wanaotazama kitu kimoja, nacho hakikuwa jukwaani.

Sauti ya mama mmoja ikasikika kutoka nyuma: "Moja."

"Mbili," wengine wakaitikia. "Tatu! Nne!"

Andati aliweka viganja juu ya mifuko ya kifuani. Binadamu ana mikono miwili. Walipofika nane, mwizi wa jukwaani, ambaye hakuwa amefundishwa hili, alivua kofia yake na kumwinamia mgeni wa heshima.

Tangu siku hiyo Ziwani ikawa koloni la Pindoni. Andati akipita kinyozi, watu walijipapasa mbavu. "Sina!" Akipita dukani: "Sina, Mwenyekiti!" Nao wakasimama kumsubiri ajibu. Wateja wa Asenath walijipapasa kabla ya kununua kava, na wengine baada ya kujipapasa hawakununua. Siku ya tano Andati alibisha hodi kwa Truphena, koti likiwa ndani ya mfuko wa plastiki.

"Mama, toa hii mifuko."

Truphena alilipeleka koti dirishani, akaligeuza. "Uzi wa kaki kwenye kitambaa cha kaki. Humu ndani siuoni, Mwenyekiti. Nitakuchania nguo. Labda pale verandani, kwenye mwanga."

Andati alikuwa ameisikia sheria ya pili, kama watu wote mia mbili. Alisimama, akapumua kwa pua.

"Kwani wewe unataka nini hasa?"

"Mimi? Kuona uzi."

Kesho yake asubuhi Asenath alihamia upande wa choo. Cherehani ilirudi mahali pake, na aliyeibeba, kwa kuwa hakupata wa kumtuma, alikuwa Andati mwenyewe, akitokwa jasho mbele ya kinyozi.

Truphena alifumua mfuko mmoja kwa siku. Macho, alieleza, hayataki haraka. Kwa siku nane Andati alikuja saa tatu asubuhi, akasimama pale verandani, watu wakipita, mkasi ukila uzi mmoja mmoja. Siku ya nane akalipokea koti, akalikung'uta, akalinyanyua kwenye mwanga.

Kitambaa chote kilikuwa kimepauka, rangi ya vumbi. Isipokuwa miraba minane, miwili kifuani, miwili tumboni, miwili ubavuni, mmoja mkononi na mmoja karibu na pindo, mibichi kama siku kilipokatwa.

"Mama. Mbona inaonekana?"

"Ni jua, Mwenyekiti. Ulilivaa sana."

"Sasa nitafanyaje?"

Truphena alichukua sindano, akatunga uzi kwa jaribio la kwanza, bila miwani.

"Inaweza kufichwa," alisema. "Nikushonee mifuko juu yake?"