Muchangi Akingoja Babake Akue

Kule Manyatta, juu kidogo ya mji wa Embu, mwezi wa Agosti watoto huvalishwa kofia za sufu hata saa sita mchana, na huko kuna mwanamume anayeitwa Muchangi. Ni mtu mzuri. Ukikutana naye asubuhi akipeleka maziwa barabarani atakusalimia mpaka afikie kuku wako. Ng'ombe wake hawajawahi kulala njaa, hajawahi kuvutana na jirani kuhusu mpaka, na kanisani hukaa kiti cha nyuma kabisa ili asimzibie mtu. Ana miaka arobaini na ushee, na katika miaka hiyo yote hajafanya jambo hata moja ambalo hakuruhusiwa.

Si kwamba hakutaka. Alipomaliza shule alitaka kujifunza kuendesha gari, na babake, mzee Gichovi, akasema hapana. Akataka kufuga nguruwe. Hapana. Akataka kupaka chumba chake rangi ya bluu, mzee akamuuliza kama hicho ni chumba ama ni hoteli. Mzee Gichovi alikuwa na neno moja, akalitunza vizuri, likamfikisha kaburini bila kuchakaa. Siku ya mazishi watu walimwona Muchangi akilia sana wakasema, huyu kijana alimpenda babake. Kweli alimpenda. Lakini pia alikuwa akijiuliza, kuanzia sasa atamuuliza nani.

Hakungoja sana. Dada yake Njoki ameolewa na Marete, mtu wa Muthara kule Tigania, na wanaishi Nchiru, wanakouzia wanafunzi wa chuo chapati na maharagwe. Kifungua mimba wao walimpa jina la babake Marete, Kailemia, kama ilivyo desturi. Wa pili alikuwa haki ya upande wa mama. Akazaliwa mvulana, miezi michache baada ya mazishi, akaitwa Gichovi. Bibi yake mtoto, Cucu Veronicah, mama yao Muchangi na Njoki, alipopigiwa simu alijifunga leso vizuri, akatoka, akawatangazia majirani kwamba mume wake amerudi.

Usifikiri alikuwa amechanganyikiwa. Huko mtoto akipewa jina lako anakaa mahali pako. Bibi atamwita mjukuu mume wangu, wajomba watamwita Baba, atapewa kipande kizuri cha kuku, watu watacheka, kisha atakogeshwa na kulazwa kama watoto wengine. Ni mchezo wa mapenzi, na kila mtu anajua unapoishia. Yaani kila mtu isipokuwa Muchangi.

Wakati huo alikuwa amepata mchumba. Caroline ni fundi wa nguo pale sokoni, mshonaji wa sare za shule, mwanamke wa maneno machache na mkasi mkali. Alimpenda Muchangi kwa upole wake, maana upole ukiutazama kutoka mbali hufanana sana na hekima. Lakini alisema wazi kwamba hataolewa katika chumba kilichopakana na jiko la mama mkwe. Ajengewe nyumba. Na nafasi ya nyumba ilikuwa moja tu, pale karibu na geti penye kahawa ya marehemu, miti mizee iliyokuwa ikitoa debe moja kwa kulazimishwa. Kahawa ing'olewe, nyumba isimame, Caroline aje. Jambo lenyewe lilikuwa jepesi hivyo.

Muchangi akamwendea mamake, akamkuta akichambua maharagwe. Cucu hakutaka kahawa ya mumewe iguswe. Pia hakutaka kusikika akisema hataki, kwa sababu chama cha kina mama kingesema anamzuia mtoto wake kuoa ili aendelee kukamuliwa ng'ombe. Akatafuta mlango wa nyuma.

"Mimi ni mwanamke tu wa boma hii," akasema bila kuinua macho. "Mwenye kahawa anakuja Agosti. Muulize yeye."

Mtu mwingine angecheka, au angekasirika, au angeenda kutafuta jembe. Muchangi alienda kuangalia kalenda.

Agosti ikafika, na Njoki na Marete wakaja na watoto kama wanavyokuja kila mwaka: kwanza Manyatta kwa kina Njoki, halafu Muthara kwa kina Marete. Gichovi alikuwa ndiyo kwanza ametimiza miaka miwili, anatembea kama mlevi anayejitahidi. Muchangi akamchukua mkono, akampeleka mpaka kwenye kahawa, akavua kofia, akamweleza habari ya nyumba kwa heshima zote. Mtoto alimsikiliza huku amechuma buni moja nyekundu na kuitia mdomoni. Muchangi alipoitoa asije akasakamwa, mtoto akaangua kilio kilichosikika kwa jirani.

"Umeona?" Cucu akasema kutoka jikoni. "Analilia kahawa yake."

Muchangi akamweleza Caroline kwamba bado. Alimweleza kwa uso wa huzuni sana. Jioni hiyo alikula mukimo sahani mbili.

Mwaka uliofuata mtoto alikuwa ameingia ule umri wa kukataa. Alikataa uji, akakataa sweta, akakataa kukogeshwa, akakataa kukaa na akakataa kusimama. Marete, ambaye ulimi wake ni wa Kitigania na haujui kupumzika, alimwita Muchangi na kumwonyesha mtoto aliyekuwa amejilaza chini uchi akipiga teke beseni.

"Shemeji, babako amekataa kuoga. Utamchapa, ama utaitisha kikao?"

Muchangi hakucheka. Alingoja mtoto avalishwe, akamketisha kwenye kiti cha marehemu, akauliza. Akajibiwa hapana. Njoki alimwambia kakake kwamba mtoto huyo angeulizwa kama jina lake ni Gichovi angesema hapana vilevile. Lakini Muchangi alikuwa ameisikia ile hapana kwa masikio yake, fupi, nzito, ya kutokea puani, na nywele za mkono zilikuwa zimemsimama. Alisema sauti ni ileile. Na pengine, ukichunguza vizuri moyo wake, alikuwa ameikosa.

Katika hayo yote hakuna aliyejali Kailemia, yule mkubwa. Huko Manyatta yeye alikuwa mtu wa kutumwa maji na kufukuza kuku, kwa kuwa hakuwa na jina la mtu yeyote wa hapo. Hakulalamika. Alijua kwamba wiki ijayo kule Muthara yeye ndiye atakayekuwa mzee wa boma, apewe maziwa ya kwanza, na Gichovi ndiye atakayefukuza kuku. Watoto hao walikabidhiana utawala katikati ya safari bila ugomvi, kama askari wa zamu. Wao walielewa.

Akiwa na miaka minne, mfalme wa Manyatta alianza kuuliza kwa nini. Muchangi alikuwa amejiandaa mwaka huo. Alinunua mandazi, akambeba kwa wilbaro kuzunguka boma mpaka mikono ikamfa ganzi. Halafu akaomba. Mtoto akauliza kwa nini anataka kung'oa. Ili ajenge nyumba. Kwa nini ajenge na nyumba iko? Ili Caroline aje. Kwa nini Caroline asije tu? Muchangi akaeleza. Kila jibu lilifunguliwa kama kitunguu, na chini ya kila ganda kulikuwa na kwa nini nyingine, mpaka wakafika mahali mtoto alipouliza kwa nini mjomba anamuuliza yeye. Hapo Muchangi akaangalia mawingu, akasema mvua inakuja, akasukuma wilbaro nyumbani.

Gichovi alipofikisha miaka mitano, watoto waliletwa wakiwa na tetekuwanga, wamepakwa dawa nyeupe uso mzima, na Muchangi akasema si heshima kumsumbua mzee akiwa mgonjwa.

Caroline alishona sare za watoto waliozaliwa alipochumbiwa. Siku moja alimpima kiuno msichana wa chekechea, akakumbuka alivyomwona mama wa mtoto huyo akimbeba tumboni, akaweka futi chini. Jioni alimwambia Muchangi kwamba Agosti hii ndiyo ya mwisho, na kwamba safari hii yeye mwenyewe atakuwepo, asikie kwa masikio yake.

Basi akaja, Jumapili baada ya kanisa, amevaa sweta ya kijani aliyoifuma mwenyewe. Cucu alitengeneza chai ya maziwa matupu, akakata mkate, akamkaribisha kwa jina la binti yangu huku akimpimia umbali wa kiti. Njoki na Marete walikuwepo. Gichovi alikuwa na miaka sita sasa, anasoma, meno mawili ya mbele yameondoka, miguu imerefuka imemshangaza hata yeye. Asubuhi nzima alikuwa akicheza na Kailemia mpira wa makaratasi, na kila mara mpira ulipopigwa kwa nguvu ulipotelea kwenye kahawa, na kila mara yeye ndiye aliyetambaa kuutafuta na kutoka amekwaruzwa.

Aliitwa akaja, kipande cha mkate mkononi, akaketishwa kitini. Safari hii miguu yake ilikaribia kufika chini. Muchangi akasimama, akavua kofia.

"Baba," akasema, "ile kahawa ya getini. Niing'oe ama niiache?"

"Ng'oa."

Cucu alikuwa akimimina chai, na chai ikaendelea kumiminika baada ya kikombe kujaa.

"Yote?" akauliza Muchangi.

"Yote. Mpira unapotelea huko."

Marete aliuliza, kwa sauti ya chini kabisa aliyowahi kuitumia katika boma hilo, jembe linawekwa wapi. Caroline alimtazama mchumba wake. Alikuwa ameanza kutabasamu, na lilikuwa tabasamu zuri, la miaka mingi.

Muchangi aliketi. Alimshukuru Baba. Kisha akasema kwamba jambo hili sasa limefika mahali pazuri, ila ardhi wakati huu wa baridi ni ngumu, na mizizi ya kahawa si ya kuchezea. Akasema pengine ni vizuri kwanza kuulizia kule kiwanda cha kahawa kama mkulima anaweza kung'oa hivihivi. Akasema pia, akigeuza kofia mikononi, kwamba mzee ameongea akiwa na mkate mdomoni, na huenda akimaliza kula awe na neno lingine la kuongeza.

Lile tabasamu la Caroline lilirudi lilikotoka. Aliweka kikombe chini, akainuka, akaenda mpaka mbele ya kile kiti, akapiga magoti kama mtu anavyopiga magoti mbele ya mzee wa kweli.

"Baba, na mimi naomba ruhusa."

Mtoto alifurahi. Ilikuwa siku yenye kazi nyingi. "Ya nini?"

"Ya kwenda kwangu. Na nisirudi tena."

Gichovi alifikiri. Alikumbuka maneno anayoambiwa na mamake akitoka nyumbani. "Enda," akasema. "Funga sweta, kuna baridi."

"Asante, Baba."

Akafunga vifungo vya sweta yake, akawaaga wote mmoja mmoja kwa mkono, Cucu pia, na akatoka. Walisikia geti likifunguliwa na kufungwa polepole, bila kubamizwa, na hilo ndilo lililomtisha Cucu.

"Unakaa tu? Mfuate," akamwambia mwanawe.

"Baba amemruhusu," akasema Muchangi.

"Baba gani? Huyu ni mtoto wa Njoki. Bado anakojoa kitandani."

"Siku hizi sikojoi," akasema Gichovi kutoka kwenye kiti, ameinamisha kichwa.

Muchangi alimwangalia mamake. Si mtu wa kuelewa haraka, lakini kitu kikimfikia humfikia chote. "Kwa hivyo," akasema, "miaka hii yote nilikuwa naomba nani?"

Cucu alianza kukusanya vikombe, hata vile vilivyokuwa na chai. Njoki alimwinua mtoto kutoka kwenye kile kiti, akamfuta mdomo, akamwambia aende akacheze. Akatoka mbio, mtoto kama watoto wengine, akipiga kelele kumwita kakake.

"Kimbia," Cucu akasema, amewapa mgongo. "Muchangi, kimbia."

Na Muchangi akakimbia. Tumpe haki yake: alikimbia vizuri, kofia ikaanguka na hakurudi kuiokota, akapita majirani bila kuwasalimia, jambo ambalo linazungumzwa mpaka leo. Alimfikia Caroline kule chini barabara inakoshuka kuelekea sokoni. Alisimama mbele yake akihema, mikono kiunoni.

Caroline alingoja apate pumzi. Hakuwa na haraka. Alimtazama uso ule wa upole uliokuwa umelowa jasho kwa mara ya kwanza kwa ajili yake, na wale waliokuwa karibu wanasema alikaribia kurudi. Wanasema aliutua mkoba wake chini. Kisha akamuuliza neno moja tu, kwa sauti ya mtu anayetaka sana kusikia jibu zuri.

"Nani amekutuma?"

Muchangi hajawahi kusema uongo.

"Mama," akasema.

Caroline akatikisa kichwa taratibu, kama fundi anayekagua kitambaa alichokwisha kukata. Aliokota mkoba wake, akampita kwa kando, akaendelea kushuka, sweta yake ya kijani ikionekana mpaka kwenye kona.

Muchangi alibaki pale barabarani. Hakuwa ameambiwa afanye nini baada ya hapo.