Tumbo la Binti wa Mama Povu

Mtaani walimwita Mama Povu, maana alikuwa dobi wa kufulia watu majumbani na mikono yake haikukaukiwa na sabuni. Wenzake walimtania kwamba siku akifa ataogeshwa kwa maji matupu. Alicheka nao, lakini nyumbani hakuwa na la kuchekesha. Binti yake wa pekee alikuwa na tumbo kama ngoma na miguu kama vijiti. Hula hashibi, hucheza kidogo tu akachoka.

Nyumba waliyopanga ilikuwa na choo kimoja cha shimo, kilichojaa zamani. Mvua ikinyesha, uchafu ulifurika ukatambaa uani, palepale watoto walipochezea udongo.

Asubuhi moja mtoto alitapika, na ndani ya matapishi mlikuwa na mnyoo mrefu, mweupe, ukijisokota. Mama Povu alimbeba mgongoni, mbio hadi hospitali. Daktari alimbonyeza tumbo, akakunja uso.

"Minyoo imeziba utumbo. Lazima tumpasue sasa hivi."

"Mbona nilimpa dawa juzijuzi?"

"Dawa inaua iliyomo tumboni, mama. Mayai yake yako kwenye udongo mnaoukanyaga."

Mtoto alinusurika. Mama Povu akamwendea mwenye nyumba.

"Baba, choo kinamwagika. Mwanangu kapasuliwa kwa sababu yake."

"Asiyependa ahame."

Wapangaji wenzake waliinamisha vichwa. Kila mmoja alikihofia chumba chake. Basi akashika jembe, akachimba mfereji peke yake. Mvua ya kwanza iliufukia. Muda si muda, tumbo la mtoto likaanza kuvimba upya, kovu likatanuka juu yake.

Hapo ndipo alipomwita dada yake, anayeishi mbali, kwenye nyumba yenye sakafu ya saruji na maji ya bomba.

"Mchukue, dada. Mchukue moja kwa moja."

"Na wewe?"

"Mumeo hatanitaka. Mchukue yeye tu."

Mtoto alilia akiing'ang'ania sketi ya mama yake, na mama akambandua vidole kimoja kimoja.

Huko alinenepa, akaanza shule, akazoea kumwita mama mkubwa wake "Mama". Siku moja akapiga simu, sauti imechangamka.

"Mama mdogo, utakuja lini kututembelea?"

Mama Povu aliibana simu sikioni kwa mkono wenye povu.

"Nitakuja, mwanangu."

Hakwenda. Aliogopa asije akawapelekea minyoo kwa viatu vyake.